Barua Pepe Iliyokwama Ndizi Zikiwa Shimoni

Siku hiyo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, kwa sababu siku ya harusi nilikuwa nimetulia na siku hiyo nilikuwa nimechemka. Nilikuwa mbele ya kompyuta ya ofisi pale Kihanga, nje mvua inanyesha, ndani jasho linanitoka, nikiitukana mashine kwa Kiswahili. Kiswahili kiliponiishia nikaendelea kwa Kinyambo. Kompyuta haikujali. Iliandika yale yale iliyoyaandika tangu asubuhi: inapokea barua ya kwanza kati ya tisa. Inakaa kidogo, inakata tamaa, kisha inaniomba neno la siri upya, kana kwamba hatujawahi kuonana.

Nakusimulia haya kwa sababu jana nimekuona umekaa barazani na simu yako. Ulimwandikia mtu, hakujibu, na kabla chai yako haijapoa ulikuwa umeshamfuta. Sikusema neno. Sisi wazee tukisema papo hapo mnasema tunafoka, kwa hiyo nimelala nalo, na leo nakuambia kwa upole.

Nilikuwa kijana wakati huo, karani wa chama cha wakulima wa kahawa. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijatufikia. Ofisi ilikuwa na simu ya mezani moja, na kompyuta moja iliyotumia waya wa simu hiyo hiyo kuleta barua pepe. Ukipokea barua, hupigi simu. Ukipiga simu, hupokei barua. Kompyuta ile ilikuwa kuukuu, ikiwashwa inanguruma kama mashine ya kukoboa kahawa, lakini tulielewana. Nilibonyeza mahali pamoja tu, barua zikaingia, nikaenda kunywa chai.

Na barua nilizozingoja kwa hamu, nikuambie ukweli, hazikuwa za kahawa. Zilikuwa za Advera. Yeye ni binti wa Kibingo, kule ambako siku hizi ni wilaya ya Kyerwa, na wakati huo alikuwa anasomea uuguzi Morogoro. Tulikuwa tumependana tangu kwaya ya parokia. Baba yangu alikuwa ameshafariki, hivyo mambo ya posa yaliangukia mikononi mwa shangazi yangu, Paskazia, dada yake baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio mlima wa pili.

Shangazi alikwenda Kibingo mara ya kwanza kubisha hodi kwa Mzee Rwamugira, baba yake Advera. Mzee alimpokea vizuri, akampa kahawa za kutafuna, wakazungumza. Mwishoni akasema, "Jumapili ijayo baada ya misa mlete pombe yenu, tutainywa. Lakini kabla sijaionja, nataka kusikia kutoka kwa binti yangu mwenyewe. Na asiniandikie kwa mashine. Maneno ya mashine yeyote anaweza kuyaandika. Mwandiko wake naujua, mimi ndiye niliyemshika mkono akajifunza."

Nikamwandikia Advera siku hiyo hiyo. Nilimwomba aandike barua kwa mkono, aikabidhi kwa dereva wa basi, kisha anijulishe kwa barua pepe fupi ni basi gani. Akajibu kwa mstari mmoja tu: "Nipe siku mbili tatu nifikirie, Deo." Neno hilo lilinikosesha usingizi. Unafikiria nini tena, mama, nami nimeshakupenda?

Hapo ndipo fundi alipokuja kutoka Bukoba na kompyuta mpya. Nzuri, nyeusi, kimya. Meneja wetu aliipigia makofi. Fundi akasema programu ya barua pepe nayo ni mpya, imeboreshwa, akapanda gari akaondoka. Mwanangu, ukisikia mtu anasema kitu kimeboreshwa, muulize kimeboreshwa kwa ajili ya nani. Barua zangu za zamani sikuziona zilikokwenda. Nusu ya anwani zilipotea. Na kila nilipoiagiza ipokee barua mpya, ikakwama kwenye ile ya kwanza, ambayo ilikuwa nzito ajabu, na nyingine nane nyuma yake zikawa zimezuiwa kama magari nyuma ya lori lililokwama matopeni. Nikiizima na kuiwasha, inaanza upya. Nikiipiga kofi, inaanza upya.

Nilikuwa na hakika ile nzito ni ya mfanyabiashara mmoja wa mashine za kahawa, maana yeye hakuandika barua bila kuijaza mapicha. Na nilikuwa na hakika Advera yuko miongoni mwa zile nane za nyuma. Ijumaa mchana nikampigia fundi. Akaniambia kule kwake anaweza kuifuta hiyo nzito bila kuifungua, na nyingine zitapita zenyewe. Siku hiyo alikuwa ndiyo anatoka kwenda kazini mahali pengine, ila Jumamosi asubuhi nimpigie, ataifuta mara moja. Nikashukuru sana. Nilitamani hata aifute na huyo mwenye mapicha.

Nilipofika nyumbani nikakuta kazi inaningoja. Shangazi alikuwa amevundika ndizi za pombe shimoni tangu Jumatatu, kabla hata jibu la Advera halijaja. Nilimlaumu tangu mwanzo kwa haraka hiyo, akanijibu kwamba ndizi zina kalenda yake. Na kweli, Ijumaa hiyo zilikuwa zimeiva, zinanukia kijiji kizima. Lazima zikamuliwe jioni ile, zichanganywe na mtama wa kukaanga, zichachuke, ziwe rubisi ya Jumapili. Ikipita Jumapili, pombe inakuwa kali na haifai kupelekwa kwa wakwe. Ukiipeleka kwa mzee yule bila barua ya binti yake, umejiaibisha. Usipoipeleka, umemdharau, na milango ya Kibingo haitafunguka tena. Mimi hapo katikati, suruali nimekunja hadi magotini.

Nikaosha miguu, nikaingia kwenye ule mtumbwi wa kukamulia, ndizi zimemenywa na nyasi zimewekwa juu, nikaanza kukanyaga. Nilikanyaga kwa hasira. Kila ndizi ilikuwa ile kompyuta. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda ananitazama, akaacha kuimba.

"Deo, unakamua ndizi au unaua nyoka?"

"Nina mawazo, shangazi."

"Mawazo yako yaweke kando. Kazi hii ukiipapatikia unapata uji, hupati maji ya ndizi. Kanyaga taratibu, yatatoka yenyewe."

Nikapunguza mwendo, nikamweleza habari yote, barua nzito, nane za nyuma, na fundi wa kesho. Alisikiliza kwa makini ingawa mashine ile aliiogopa. Siku alipoingia ofisini alifanya ishara ya msalaba kabla hajakaa. Kwanza alishauri niinyunyizie maji ya baraka. Nikacheka, ikawa mara ya kwanza kucheka wiki ile. Kisha akauliza, "Hiyo nzito imetoka kwa nani?"

"Bila shaka ni ya yule wa mashine."

"Umeiona?"

"Sijaiona, ila najua."

"Hujaiona, ila unajua." Akatikisa kichwa. "Siku ya msiba wa baba yako, yule mama wa Nyakasimbi alifika wa mwisho kabisa, watu wameshaanza kutawanyika. Kuna waliosema hana adabu. Alikuwa amebeba mkungu kichwani, ametembea nao njia nzima, na ndio tuliokula jioni. Wewe ungemfungia mlango, si ndiyo? Kwa sababu wepesi walishafika."

Nilikanyaga polepole, na baada ya muda nikasikia maji yanaanza kuteleza kati ya vidole vyangu, safi, matamu, hayana uji hata kidogo. Shangazi akarudi kwenye wimbo wake. Niliona aibu, lakini pia nilijisikia mwepesi, na vyote viwili nilivifurahia.

Jumamosi asubuhi nikampigia fundi. Alikuwa tayari. "Niifute?"

"Subiri kwanza," nikamwambia. "Hakuna njia nyingine?"

Akaguna. Kisha akasema njia ipo, ila inataka moyo. Kumbe ile programu mpya ilikuja ikiwa imepangwa ingoje muda mfupi sana. Barua ikichelewa kidogo, inakata tamaa. Ya zamani ilikuwa imepangwa ingoje muda mrefu, ndiyo maana tulielewana nayo. Akanielekeza mahali pa kubadilisha, alama ndogo unayoisogeza kutoka "mfupi" kwenda "mrefu". Nikaisogeza hadi mwisho. "Sasa ondoka hapo," akasema. "Usiiguse. Ninyi watu wa kubonyeza bonyeza ndio mnaoziharibu."

Nikakata simu, nikaiagiza ipokee barua, nikaondoka. Nilifagia ofisi. Nilifagia na uwanja, nikasalimiana na kila aliyepita na gunia la kahawa, nikauliza habari za wagonjwa ambao hata siwafahamu. Jua lilikuwa limeshapanda niliporudi kuchungulia. Zote tisa zilikuwa zimeingia. Ya mfanyabiashara wa mashine ilikuwa ya sita, fupi, haina picha hata moja. Na ile ya kwanza, ile nzito niliyotaka ifutwe bila kufunguliwa, ilitoka kwa Advera.

Nikavuta kiti, nikakaa kuisoma. Alieleza kwamba basi lisingefika kabla ya Jumapili, kwa hiyo alikwenda kwenye duka la intaneti pale Morogoro, barua yake ya mkono ikapigwa picha kwa mashine, na mwenye duka, kwa kutaka kumfurahisha, akaipiga kwa ukubwa wa kutisha. Barua yenyewe ya mkono ilikuwa inakwenda kwa baba yake. Sikuisoma. Niliichapa, nikaikunja, nikaiweka mfukoni, nikalia kidogo pale ofisini, maana hapakuwa na mtu.

Jumapili tulifika Kibingo na vibuyu vyetu. Mzee Rwamugira alipokea ile karatasi kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Akapitisha kidole juu ya mstari wa kwanza. "Herufi hii ya kwanza," akasema, "mpaka leo anaikunja mkia. Nilimkataza." Akaisoma yote kimya, akainua macho kunitazama mimi.

"Binti yangu amekubali."

Shangazi akapiga vigelegele vilivyowashtua hata kuku. Mzee akanyoosha mkono kumtuliza. "Bado. Anasema amekubali, ila anataka amalize masomo kwanza. Ni mwaka mzima na zaidi. Anasema wewe ni mtu mzuri lakini una haraka, na anataka kujua kama utaweza kumngoja. Sasa nakuuliza mimi kwa niaba yake. Utaweza?"

Shangazi akanijibia, "Ataweza, mzee. Tumeanza kumfundisha tangu juzi."

Mzee akacheka hadi akakohoa, akachukua mrija, akaonja rubisi yetu. Nilingoja, mwanangu. Nilingoja ule mwaka na ziada yake, na Advera akarudi na cheti chake, na ndiye huyo anayekupikia sasa hivi huko jikoni, anayetusikia na kujifanya hasikii.

Basi ninalokuusia ni hili. Usimfute mtu kwa sababu amechelewa kukujibu. Hujui amebeba nini. Wenye maneno mepesi hufika upesi, nao wapokee, si wabaya. Lakini mwenye neno zito hulitafutia njia, hulibadilisha mara tatu, huomba mtu amsaidie, na wewe huku umeshakasirika. Kabla hujakata tamaa na mtu, jiulize kama umemwona au unadhani tu kwamba unajua. Na hasira ikikushika, tafuta kazi ya mikono au ya miguu, uifanye polepole mpaka ipungue. Huyo uliyemfuta jana, mtafute leo. Mwambie mzee amesema ulikuwa na haraka, nitaibeba mimi lawama hiyo.

Mungu akupe moyo mpana, mwanangu. Akupe marafiki wanaojibu, na akupe subira kwa wanaochelewa. Mgomba wako uzae, ng'ombe wako watoe maziwa, na atakayekuja kwako na mzigo akukute upo.