Dhambi za Baba Nilizozibeba Mimi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, tukikaa Wiyoni, mtaa ulio kando ya bahari, baba yangu alibatizwa kwa mara ya tatu, nami nilikuwa nimeshamchoka. Mtu mzima, fundi mwashi anayejenga kuta za watu zikasimama wima, yeye mwenyewe hasimami! Mnazi, ile pombe ya mnazi, ulikuwa umemshika. Kila akianguka alihamia kanisa jingine, na kila kanisa lilimwambia ubatizo wa kule haukushika, njoo uoshwe upya. Jirani yetu Bi Zuhura, aliyekuwa akiuza mahamri mlangoni pake, alimwona akipita na shuka jeupe begani, akamgeukia Mama: "Ni yeye tena? Basi mai yameshamzoea huyu!" Mai kwake ni maji.

Mama hakucheka. Asubuhi ile alikuwa amemwambia Baba mbele yetu, "Hii ndiyo ya mwisho. Ukirudia, mimi na watoto tunarudi kwetu Tana, na usitufuate." Sanduku alikuwa ameshalitoa mvunguni.

Sasa, Nyanya, mamake Baba, alikuwa na imani yake ambayo hakuna mchungaji aliyeweza kumtoa. Alisema dhambi anazovuliwa mtu hubaki palepale majini mpaka maji yapwe na kujaa tena. Atakayetia mguu kabla ya hapo, zinamwingia yeye. Nadhani alisikia mahubiri kwamba Mungu huzitupa dhambi zetu baharini, akaelewa alivyoelewa. Ukimbishia alikuuliza, "Kwani zitakwenda wapi? Zina miguu?"

Basi siku ile pale baharini Baba akazamishwa, akaibuka akikohoa, watu wakaimba. Katika kupapasa kutoka, kandambili yake moja ikachukuliwa na maji. Hakuwa na jozi nyingine. Nikaingia hadi magotini, nikaidaka.

"Toka! Toka huko, we mtoto!" Nyanya alipiga yowe mpaka kwaya ikanyamaza. Akanikagua miguu, mmoja baada ya mwingine, akahema. "Haya. Umeshazibeba zote."

Nikaamini. Na dalili zikaja kweli: siku ya pili nikaiba hamri la Bi Zuhura, siku ya tatu nikamng'ata dada yangu bega mpaka akatoka damu. "Si nilisema?" Nyanya akatangaza, karibu afurahi. Lakini wiki hiyohiyo Baba alirudi kila jioni kwa miguu yake mwenyewe. Alikula nasi. Alimtania Mama, na Mama akaanza kumjibu. Basi nikapima kwa akili yangu ya kitoto: kama dhambi ninazo mimi, yeye hana. Nikizitoa zitamrudia, atakunywa, nasi tutapandishwa boti tuondoke. Nikaamua kuzishikilia. Mwalimu wa shule ya Jumapili aliponiwekea mkono kichwani aniombee, nilimponyoka nikatoka mbio hadi nyumbani. Nililala nikitetemeka kwa kuogopa moto wa Jehanamu, lakini sikuziachia.

Ijumaa ya pili kazi ilisimama mapema kama kawaida. Mafundi wenzake wakaenda msikitini. Baba, asiye na pa kwenda saa hizo, akaenda kulekule kwenye mnazi. Alasiri akarudi akishikilia ukuta. Mama alivuta sanduku, akaanza kukunja nguo zetu.

Jamani, hasira iliyonipanda siku ile, hadi leo nikiikumbuka masikio yangu yanapata moto. Nilimkamata Baba shati. "Dhambi zako ninazo mimi! Nimezibeba siku zote hizi, nimekataa hata kuombewa kwa ajili yako! Hizi nyingine umezitoa wapi?"

Alianza kucheka, akaacha. Akanisikiliza nikimweleza yote, kandambili, hamri, bega la dada yangu, Jehanamu. Akamtazama Nyanya, na Nyanya akajifunika uso kwa leso. Baba akajishusha sakafuni.

"Mama," akaniita mimi, binti yake, kama alivyozoea kuniita nilipokuwa mdogo zaidi, "hizo alishazibeba Yesu. Wewe nani alikutuma?"

"Kama alishazibeba, mbona unakwenda kuchukua nyingine?"

Alilia tu, naye Mama akaacha kukunja.

Kesho yake, pombe imemtoka, nilidhani atakwenda kutafuta kanisa la nne. Badala yake alinifuata uani nikiosha vyombo, akachuchumaa.

"Nisamehe."

"Sitaki."

"Basi nitakuja kesho."

Mama, aliyekuwa akisikia, akasema sanduku litakaa hapohapo mlangoni, halifungwi wala halifunguliwi, mpaka mtoto aseme amemsamehe. Mtoto wa miaka tisa! Nilimkasirikia yeye pia. Kila asubuhi Baba alikuja na kuchuchumaa, nami kila asubuhi nilisugua sufuria kana kwamba sijamwona. Siku ya kumi na moja nilichoka. "Haya, nimekusamehe. Niache nioshe." Mama akalichukua sanduku akaingia nalo ndani, nikasikia milango ya kabati ikifunguliwa.

Sitadanganya, alianguka tena mara mbili miaka iliyofuata, na mara zote mbili nilitamani kumtupia sufuria. Lakini hakubatizwa tena. Alikuja kwanza kwetu, mmoja mmoja, akachuchumaa, ndipo akaenda kanisani. Sasa ni mzee, na ni miaka mingi hajaonja.

Nikisikia mhubiri akisema Mungu husamehe papo hapo, naamini, na bado kidogo inaniudhi. Mimi ilinichukua siku kumi na moja, na sikusamehe kwa wema, nilisamehe kwa uchovu. Hata hivyo usiku wa siku ile ya kumi na moja nililala mpaka asubuhi bila kutetemeka. Hakuna aliyeniombea. Nilikuwa nimemsamehe Baba tu, na zile dhambi nilizodhani nimezibeba sikuziona tena.