Vipande vya Blauzi ya Kavetsa

Kavetsa hushuku hata kivuli chake. Akinunua nyanya Soko la Toi, huzibonyeza moja moja mpaka mwenye kibanda anune. Lakini ni fundi hodari, na cherehani zetu zimepakana miaka tisa, kwa hivyo nilidhani mimi nimesamehewa.

Januari nilimpunguzia blauzi mikono. Vipande vilivyobaki nikavitia kwenye gunia langu, maana fundi hatupi kitambaa. Ndicho hujaza mito. Mwezi uliofuata vidole vyake vikavimba. Asubuhi hakuweza kushika mkasi mpaka saa nne. Siku moja nikamkuta amemwaga gunia langu chini, anapekua.

"Mama Antony, vipande vyangu viko wapi?"

"Si viliingia kwa mito? Nishauza."

"Uliuzia nani?"

Kufikia Ijumaa soko lote lilisema nimemroga kwa vipande vile. Wateja walinipita, wengine wakaja kudai vitambaa vyao. Nilikasirika. Nikamburuta kliniki Kianda, si kwa huruma bali kwa ajili ya jina langu.

Damu ilipopimwa, daktari akatueleza. "Mwilini kuna protini ndogo za kupeleka habari, zinaitwa saitokini. Kidudu kikiingia, ni kama mtu wa ploti, pale kwenye nyumba za kupanga, apige nduru, 'Mwizi!' Kila mlango unafunguka. Damu inakimbilia hapo, panavimba, panapata joto. Halafu kuna saitokini zingine za kusema inatosha, rudini ndani. Kwako, mama, nduru haiishi, na wanaopigwa ni viungo vyako mwenyewe."

Nilitaka kumkumbatia yule daktari.

"Na nani alipiga nduru ya kwanza?" Kavetsa akauliza.

Daktari alikuna kichwa. "Hapo bado hatujui vizuri. Inaweza kuwa ya ukoo, inaweza kuwa mambo mengi."

Kavetsa akageuka polepole, akanitazama.

Alipewa vidonge vya kutuliza hiyo nduru, vya kumeza mara moja kwa wiki. Alivinusa, akaapa ni chaki. Kila Jumapili baada ya kanisa nilisimama mbele yake mpaka ameze. Mwezi wa tatu wa vidonge, vidole vikaanza kukunjika vizuri tena. Siku nilipomwona akitunga uzi kwenye sindano bila msaada, machozi yalinitoka. Nilifurahi kweli.

Akainuka, akaja kwenye cherehani yangu, akanishika mkono kwa nguvu.

"Asante, Mama Antony," akasema, wateja wote wakisikia. "Mungu akubariki kwa kuniachilia."