Ubao wa Kinyozi

Ukitaka kujua mahali ambapo yule fundi makochi alizoea kukaa, hukuwa na haja ya kuuliza mtu. Ulitazama viti tu. Kiti kikiwa kimevalishwa velveti ya rangi ya damu ya mzee, basi hapo ndipo pake. Stuli yake ya karakana, kiti chake cha mezani nyumbani, kochi la wifi yake ambalo alilivalisha upya bila kuombwa na watu wakamsifu kwa ukarimu, hata kile kiti kikubwa cha chuma cha mumewe kinyozi, cha kupanda na kushuka kwa pampu ya mguu, vyote vilivaa rangi moja. Wateja walimtania kwamba kuna mahali alipewa mzigo mzima wa velveti na sasa hajui aupeleke wapi. Naye alicheka nao. Ukweli aliujua yeye na mumewe tu, kwamba rangi ile haionyeshi damu.

Damu yake haikuwa na adabu. Ilipotea miezi na miezi, mpaka mtu akaanza kujidanganya kwa matumaini, halafu ikarudi na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Maradhi yenyewe yalikuwa na jina refu ambalo daktari wa kwanza alilitamka haraka haraka kisha akaita mgonjwa mwingine. Alichokishika fundi ni kwamba mayai yake hayapevuki inavyotakiwa, yamebaki kwenye vifuko vyake kama vijilengelenge, na homoni zake zimekwenda upogo. Ndiyo maana hashiki mimba, ndiyo maana anavuja namna ile, na ndiyo maana ana ndevu.

Hizo ndevu ndizo zilizomwoza, ukitaka kusema kweli. Alikuwa bado msichana katika karakana ya baba yake alipotumwa kwenda kupima viti vya kibanda cha kinyozi mmoja kijana. Jua lilikuwa kali, naye amejitanda mtandio mpaka puani. Kinyozi alimtazama kidogo, mtandio ulipolegea akaona vipele shingoni, akamwambia kwa sauti ya kikazi kabisa kwamba anayejinyoa bila sabuni hujiumiza bure, na kwamba wembe unafuata nywele, haupingani nazo. Hakucheka wala hakuuliza. Msichana alirudi karakanani na vipimo vyote alivyoandika vikiwa vya makosa.

Tangu walipooana, kila Jumapili asubuhi kinyozi alivuta pazia, akachemsha maji, akamnyoa mkewe kidevu na shingo. Watu husema kinyozi hajinyoi, na huyu kweli mara nyingi alikwenda kazini na ndevu zake za jana, lakini mkewe hakuwahi kutoka nje na unywele mmoja. Huo ndio ulikuwa wakati wao wa kuongea mambo ya maana, yeye akiwa ameinua kidevu na hawezi kujibu sana.

Sasa, kila kinyozi ana ubao wa watoto, ule unaolazwa juu ya mikono miwili ya kiti ili mtoto afikie kioo. Wa huyu ulikuwa kipande cha mbao tupu kilichochongwa ovyo. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao, fundi alimtengenezea mwingine. Aliuwekea sponji nene, akauvalisha ile velveti yake, akaupiga vifungo katikati na misumari ya shaba pembeni. Alipompelekea alisema, "Huu ni wa wetu." Kinyozi akautundika ukutani juu ya kioo, na watoto wa watu wakaendelea kukalia ubao mtupu.

Miaka ikapita, na si michache. Kila Jumamosi kabla ya kufunga, kinyozi aliuteremsha ule ubao, akaupangusa kwa kitambaa, kitambaa kikatoka na vumbi, akautundika tena. Mteja mgeni akiuliza mbona ubao mzuri namna ile haukaliwi, kinyozi alijibu bila kugeuka, "Mwenyewe hajafika." Ikawa msemo wa kibanda. Wazee wa pale waliokuja kunyolewa vipara vyao walishaacha kuuliza.

Daktari wa sasa alikuwa mwanamke mtu mzima, mpole, asiyemkimbilia mgonjwa wa pili. Alikuwa amejaribu vidonge, vikamtapisha fundi mpaka akashindwa kushika nyundo. Alikuwa amemwekea kitanzi chenye dawa, damu ikakisukuma nje. Mara mbili fundi alikuwa ameongezewa damu ya watu asiowajua. Safari hii daktari alichukua kinyama kutoka ndani ya kizazi kikapimwa, na majibu yalipokuja alivuta kiti chake akakaa upande ule ule wa meza na mgonjwa. Fundi alijua hapo hapo kwamba si habari njema.

Daktari alieleza kwamba ngozi ya ndani ya kizazi imekuwa nene kupita kiasi kwa miaka hiyo yote, na chembe zake zimeanza kubadilika. Si kansa bado, lakini ndiyo njia ya kuelekea huko. Wanaweza kujaribu dawa nyingine na kukipima kila baada ya miezi kadhaa, na ikiwa bado anatafuta mtoto hakuna atakayemlaumu kwa kuchagua hivyo. Au wakiondoe kizazi. Vifuko vya mayai angeviacha, kwa kuwa mwili bado unavihitaji.

Fundi aliuliza kama ndevu nazo zitaondoka. Kwa miaka mingi alikuwa amejipa moyo kwamba siku akikubali kukatwa, atakuwa amelipia yote kwa pamoja, na atabaki mwanamke wa kidevu laini. Daktari alitikisa kichwa. Kizazi ndicho kinachovuja, alisema, lakini ndevu hazitoki huko. Hapo ndipo fundi alipolia. Hakuililia kansa. Aliyalilia yale mapatano aliyokuwa ameyafanya na nafsi yake, ambayo kumbe upande wa pili hakukuwa na mtu wa kuyatia sahihi.

"Siwezi kukuahidi mtoto hata ukibaki nacho, mama," daktari alimwambia. "Ninachojua ni kwamba kikiachwa hivi kinaweza kukuua. Nenda ukaongee na mwenzako."

Akaenda akaongea na mwenzake, lakini aliongea nusu. Alimweleza kinyozi kuhusu damu na kuhusu kukatwa. Habari ya chembe kubadilika aliimeza. Alijua kwamba mumewe akisikia neno kansa atasema kata leo, na alitaka kwanza amjue moyo wake ulivyo bila kutishwa. Huo ulikuwa ujinga, na naupa jina lake. Mtu humpimi moyo kwa kumficha nusu ya mzigo. Kinyozi akasema, "Kama unaweza kuvumilia, tungoje kidogo. Kisu si mchezo." Mkewe akasikia maneno mengine kabisa. Alisikia kwamba bado anataka mtoto. Na kwa nini asitake, mtu anayepangusa ubao kila Jumamosi?

Wifi yake naye akaongeza kuni. Huyo alikuwa na pua ya kunusa siri za watu hata kwenye nyumba iliyofungwa. Alikuja, akakaa juu ya velveti yake ya bure, akaanza na methali, mficha uchi hazai, kana kwamba fundi hakuwa ameshavuliwa nguo mbele ya kila daktari wa mji ule. Alitoa mfano wa mwanamke fulani aliyezaa watu wakiwa wameshakata tamaa. Kisha akasema lile alilolijia.

"Wifi yangu, mimi nakupenda, lakini ukitoa kizazi kaka yangu atabakiwa na nini?"

Fundi alimmiminia chai ya pili, akamsindikiza mpaka barabarani kama heshima inavyotaka, akarudi, akakaa, akangoja. Akaendelea kungoja. Midomo ilimpauka, ngazi za nyumbani zikawa mlima, na usiku alisikia moyo wake ukigonga kama nyundo ya jirani.

Baba yake alimwachia karakana na sheria moja: kochi halitoki nje kabla fundi hajalikalia. Spring hujaribiwa kwa makalio, si kwa mkono. Fundi aliishika sheria hiyo hata kwa vitambaa vyeupe, ila vyeupe alivitandikia kwanza shuka kuukuu. Siku moja mwalimu mstaafu alikuja kuona seti yake ya rangi ya maziwa, aliyokuwa ameingoja kwa hamu. Alisimama pale pale, mikono nyuma, akasema ameambiwa fundi hujaribu mwenyewe, naye angependa kuona. Fundi aliona haya kutandika shuka mbele yake. Akakaa.

Alijua mara alipokaa. Mwalimu akawa anasifu mishono, naye akawa anaitikia, ametulia kama aliyepigiliwa misumari, anahisi joto likienea chini yake. Alimwambia mzee wa watu kwamba kuna spring moja haijamridhisha, arudi wiki ijayo. Mwalimu akaaga kwa adabu. Adabu ni kusimama unapomuaga mtu mzima, na fundi hakusimama. Mzee alitoka akionekana ameshangaa kidogo.

Alipofunga mlango alilichana lile kochi lote, kitambaa na sponji, akavifungia kwenye gunia. Halafu giza likamjia machoni, akakaa sakafuni kati ya vipande vya sponji, akasema kwa sauti, peke yake, "Mimi nitafia hapa kwa kuona haya." Maneno hayo yalimtisha kuliko ya daktari, pengine kwa sababu aliyasema mwenyewe. Alijifunga khanga mbili, akafunga karakana, akaenda kibandani kwa mumewe. Si mbali, lakini alipumzika njiani kama bibi kizee.

Kibanda kilikuwa na watu. Baba mmoja alikuwa amemleta mwanawe kunyolewa mara ya kwanza, mtoto mwenye nywele za kuzaliwa bado, macho tayari yamejaa machozi. Kinyozi alikuwa ameshika ule ubao mtupu. Mkewe akaingia bila salamu, akapita mpaka kwenye kioo, akanyoosha mikono, akauteremsha ubao wa velveti. Akaulaza juu ya mikono ya kiti. Akaupapasa kidogo mahali penye vifungo, kama afanyavyo fundi anapoikabidhi kazi yake.

Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu, mwenye mdomo mwepesi, akachekelea. "Ehee! Leo mwenyewe amefika?"

"Mwenyewe haji," fundi alisema. "Mkalisheni huyu."

Baba wa mtoto hakuelewa kitu, akamkalisha mwanawe, na mtoto akatulia, maana pale palikuwa laini. Kinyozi aliwasha mashine, akaizima. Akaiwasha tena. Kisha akaiweka juu ya meza, akatoka nje kupitia mlango wa nyuma, na wote mle ndani wakamsikia. Fundi alimshika mtoto begani asianguke, akasimama hivyo mpaka mumewe aliporudi na uso aliounawa kwa maji. Alimnyoa yule mtoto polepole mno, na hakukubali malipo.

Watu walipotoka, alifunga mlango jua likiwa bado juu. Mkewe akamwambia yote, na habari ya chembe ikiwemo. Kinyozi alisikiliza akiwa amekaa kwenye benchi la wateja, viganja juu ya magoti.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Ulisema tungoje."

"Nilisema tungoje kwa sababu naogopa kisu. Nilidhani wewe ndiye bado unamtaka mtoto. Ningekunyang'anya vipi?"

"Na ubao? Kila Jumamosi unaupangusa."

Kinyozi alimtazama kama mtu asiyeelewa swali. "Naupangusa kwa sababu umeutengeneza wewe."

Walilia pamoja hapo. Sitasema kwamba kilio kile kiliwaponya, au kwamba mtoto hakuwahi kutakiwa. Alitakiwa sana na wote wawili, na kinyozi alikiri hivyo. Ila hakutakiwa kwa bei ile, na mambo hayo mawili walikuwa hawajawahi kuyasema siku moja.

Operesheni ilikwenda salama. Wifi alikuja hospitalini na uji, akakaa kimya, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa ndiyo samahani. Ndani ya kile kizazi hakukuonekana kitu kibaya zaidi ya kile walichokijua. Fundi alipoambiwa alishukuru, kisha akageukia ukuta, akaomba aachwe. Jumapili ya kwanza nyumbani hakuweza kukaa wima, kwa hiyo mumewe alimnyoa akiwa amelala, taulo chini ya shingo. "Hizi hazikuondoka," fundi alimwambia. Kinyozi akasema hazimsumbui yeye, ameshazizoea, na akaendelea kufuata nywele zinakoelekea.

Baadaye, nguvu zilipomrudia, alivivua viti vyake kimoja kimoja. Stuli ya karakana akaivika kijani, kiti cha mezani akakivika njano, na kochi la wifi akalipa maua makubwa ambayo wifi mwenyewe aliyachagua. Kazi ya kwanza kutoka ilikuwa seti ya mwalimu, nyeupe pee, na aliijaribu bila shuka. Ubao ndio hakuubadilisha. Viatu vya watoto vikiuchubua, huushona kwa vipande vya velveti ile ile alivyobakiza.

Kinyozi naye bado huupangusa kila Jumamosi kabla ya kufunga. Siku hizi kitambaa hutoka na nywele za watoto.