Vidole vya Kuazima

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimelewa, nikujibu kabisa: sinywi, sijawahi kunywa, na mama yangu kule Ushirombo ni mwanakwaya, nenda kamuulize. Haya yamenipata mimi mwenyewe, tena mchana kweupe, na wanawake zaidi ya kumi wa mwaloni Bugarama waliyaona kwa macho yao. Ukitaka kucheka, cheka. Wengi wameshacheka.

Nilikuwa na mchumba, anaitwa Masanja. Alikwenda Ulaya kusoma, masomo yakaisha, akapata kazi kwenye ghala la mboga, akabaki. Nchi sitaitaja, msije mkanitafutia kesi. Miaka minne tulipendana kwenye simu. Mwaka wa nne akaniambia, "Njoo hata wiki tatu, kwa viza ya utalii, uone ninavyoishi. Ukirudi, mwisho wa mwaka naleta ng'ombe kwenu." Mwanamke wa umri wangu akiambiwa ng'ombe wanakuja, unadhani analala?

Watu wanaichukulia viza kama tiketi ya basi. Thubutu! Walitaka barua ya mwaliko, bima, taarifa ya benki ya miezi sita, na ushahidi kwamba nina kitu cha kunirudisha nyumbani. Benki yangu ilikuwa ya kutia aibu. Pasipoti nilikuwa nayo tayari, fedha ndiyo sina. Nikafunga kibanda changu cha mitumba, nikaenda Bugarama kuponda mawe.

Mwalo ni pale mawe ya dhahabu yanapoletwa kupondwa na kuoshwa. Wanaume wanachimba, sisi wanawake tunakaa chini kwenye turubai na nyundo, tunaponda kabla mawe hayajaingia kwenye karasha, ile mashine ya kusaga. Mkono wa kulia nyundo, wa kushoto umeshika jiwe. Vumbi linakuganda mpaka kope zinakuwa nyeupe. Nilifanya kazi hiyo miezi minane. Nguvu ninazo, na mdomo ninao pia, sitakuficha. Aliyenipunja hesabu ya ndoo nilizoponda alinisikia, na jirani yake alinisikia. Mama Shija, aliyekuwa mkubwa kuliko sisi wote pale, alikuwa akisema, "Mwanangu, wewe ulipaswa kuzaliwa radi."

Sasa, jiwe linakula vidole. Sote tulilijua hilo, ila hatukuliona kuwa ni tatizo. Laini yangu ya simu ilipofungiwa nikaenda kuisajili upya, mashine ya alama za vidole ikanikataa. Muuza uji akaja akaweka kidole chake, mambo yakaisha: laini yake kwenye karatasi, yangu mfukoni. Sote tunafanya hivyo. Pale mwaloni vidole vinaazimwa kama chumvi.

Nikaenda Dar es Salaam, ubalozini, na makaratasi yangu yote, nimeyapanga kwenye bahasha vizuri. Mashine ikakataa vidole vyote kumi. Kijana wa dirishani hakuwa mbaya, aliniambia, "Dada, pumzisha mikono wiki mbili tatu, paka mafuta, urudi." Nililia kutoka Mbezi mpaka Morogoro, kisha nikanuna mpaka Kahama. Likizo ya Masanja ilikuwa imeshapangwa na bosi wake haibadiliki. Nikapaka mafuta siku kumi, ngozi ikabaki nyororo vilevile, haina hata mstari.

Ndipo akaja yule mwanamke.

Hakuna aliyemwona akiingia. Tuligeuka tu tukamkuta amekaa kwenye turubai letu, karibu yangu, ameshika nyundo. Alisema anaitwa Kabula na kwao ni Kishapu. Mama Shija akamwamkia Kisukuma, "Mwangaluka!" Yule mwanamke akajibu, "Asante." Mtu wa Kishapu anaamkiwa mwangaluka anajibu asante! Tulicheka mpaka machozi. Mama Shija peke yake hakucheka. Mchana akanivuta pembeni, akaniambia, "Yule si wa Kishapu. Na umemtazama? Ameponda tangu asubuhi, vumbi halijamgusa."

Nikamwambia, "Mama, labda anaoga vizuri." Ona ujinga wangu! Kichwani nilikuwa na tarehe za Masanja tu.

Kabula alikuwa mtu mpole ajabu. Ukimwambia sogea, anasogea. Ukimchotea mawe yake, anatabasamu. Siku ya tatu nikamsimulia shida yangu, akanyoosha mikono yake mbele yangu, vidole laini, mistari yake yote unaihesabu. "Mimi vyangu vinasoma," akasema. "Nitakuazima."

"Kwa bei gani?"

"Niazime jina lako. Siku ile tu."

Nikacheka nikamwambia chukua, halijawahi kunifaa chochote. Tulikuwa tunafanana kidogo, kimo kimoja, rangi moja, na picha ya pasipoti huwa haifanani na mtu yeyote. Nikaona mambo yamenyooka. Kesho yake akaniambia, "Wakiniuliza habari za mchumba wako nitajibu nini?" Hoja ya maana, siyo? Basi nikamfundisha. Tulivyokutana na Masanja, jina analoniita tukiwa wawili, chakula anachokipenda, wimbo anaopiga mluzi akinyoa ndevu. Siku nne nilikaa na jiwe mbele yangu, nikimmiminia mtu nisiyemjua maisha yangu yote. Yeye anasikiliza tu, anaitikia "mh."

Tukashuka naye Dar. Nikamvika gauni langu la kijani, nikampa pasipoti, bahasha, na simu yangu, maana niliogopa wanaweza kupiga namba kuhakikisha. Mlinzi akamruhusu yeye peke yake mwenye miadi. Nikakaa ng'ambo ya barabara kwenye kivuli cha ukuta, namwomba Mungu abariki udanganyifu wangu.

Saa nzima. Halafu mlango ukafunguka, nikajiona natoka.

Niamini. Sikuona mtu anayefanana nami, nilijiona mimi: kovu la kwenye nyusi, mguu wa kushoto ninaouburuza kidogo tangu jiwe liliponiangukia. Alivuka barabara akapita mbele yangu, karibu kiasi cha kumgusa, akanitazama kwa upole kama anavyotazamwa mgonjwa. Nilitaka kupiga kelele. Mimi, mwenye mdomo huu! Sauti haikutoka, miguu haikuinuka, na nilipoweza kusimama alikuwa ameshapotea kwenye watu.

Polisi ningewaambia nini? Kwamba mtu niliyemtuma akadanganye kwa jina langu amenidanganya? Nikarudi Bugarama mikono mitupu. Namba ya Masanja ilikuwa ndani ya simu ile, na niambie wewe, nani siku hizi anajua namba ya mtu kwa kichwa? Wiki zikapita. Nikajipa moyo kwamba ni tapeli wa kawaida, ameuza simu, na ile sura yangu ilikuwa jua na njaa.

Wiki ya tano nikaona nitachanganyikiwa. Nikapanda gari mpaka Maganzo, kwa dada yake Masanja, nikaombe namba. Nikabisha hodi. Wifi akafungua, akanitazama, sahani ikamponyoka mkononi.

"Wewe si uko kwa Masanja?"

"Wifi, niko wapi tena? Si mimi huyu?"

"Jana tumeongea na wewe kwa video! Umetuonyesha theluji!" Akarudi nyuma, akanifungia mlango kwa komeo, nikamsikia anaanza Salamu Maria kwa sauti. Nikagonga, nikaita, nikatukana. Majirani wakaanza kutoka. Nikaona kumbe hapa mzimu ni mimi, nikaondoka kabla sijapigwa mawe.

Unajua maana ya kulia kwa hasira? Nililia hivyo siku tisa. Siku ya kumi, saa tisa alasiri, jua linawaka, tunaponda, nikasikia nyundo zinanyamaza moja moja. Nikainua kichwa. Alikuwa anakuja kati ya matuta ya mawe, amevaa koti zito la baridi, sura yangu, mguu wangu. Wanawake wote walimwona. Mmoja alijifunika kanga usoni. Akasimama mbele yangu akaweka pasipoti na simu juu ya jiwe nililokuwa naliponda.

"Nilikuomba siku moja, nimechelewa," akasema. "Nisamehe, dada." Sauti yangu ileile, lakini haikuwa na hasira hata chembe. Sikujua kwamba sauti yangu inaweza kuwa hivyo.

Sikumsamehe. Niliinuka nikamzaba kofi kwa nguvu zangu zote.

Kofi lilinipata mimi. Naapa mbele ya Mungu, shavu langu ndilo lililowaka, na Mama Shija alizihesabu alama za vidole usoni kwangu, vidole vitano, mistari yake inaonekana. Nilipoondoa mkono shavuni, hakukuwa na mtu. Njia ile kutoka mwaloni ni ndefu na iko wazi, hakuna pa kujificha hata mbuzi. Nikafungua pasipoti: viza imebandikwa, picha ni yangu, muhuri wa kuingia, muhuri wa kutoka.

Nikampigia Masanja hapohapo. Alipokea kabla simu haijaita mara mbili.

"Umefika, mpenzi?"

Nikamwambia yote, kwa kelele, mwalo mzima unasikia. Kwamba sikuja. Kwamba aliyelala kwake wiki tatu si mimi, ni mtu aliyejidai wa Kishapu, na sijui ni nini. Nilitegemea apige ukunga, au aniambie nimerukwa na akili. Yeye akasema taratibu, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba si wewe. Nilichelewa kumpokea uwanja wa ndege saa mbili nzima. Wewe ungenigombeza mpaka askari waje. Yeye alisema pole kwa kazi."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuwa nimechoka. Likizo ilikuwa ya siku chache tu. Narudi ghalani nimechoka, nakuta chakula, nakuta mtu anatabasamu. Nikasema kesho nitamuuliza. Kila siku nikasema kesho."

Ndugu yangu, nilikuwa nimekaa juu ya yale mawe niliyoyaponda miezi minane kwa ajili yake, mpaka vidole vyangu vikaisha. Nikamuuliza swali moja tu, kama hata siku moja alijiuliza mimi niko wapi, mzima au nimekufa. Unajua alisema nini? Alisema, "Amefika salama?"

Nikakata simu. Jina la Kabula sikumwambia mpaka leo.

Ng'ombe hawakuja. Mwezi wa kumi na mbili alikuja yeye, hakufika Ushirombo kwetu hata kusalimia. Nikasikia ameonekana kwenye mnada Kishapu akitazama wanawake usoni, tena Kahama stendi, tena Kishapu. Nikasema moyoni, anamtafuta, na amtafute. Lakini moyo wa mtu ni mjinga. Kila jioni nilikuwa naoga vizuri, nasuka nywele, nikijidanganya kwamba labda ananitafuta mimi na ameona aibu kuanza.

Asubuhi moja akatokea mwaloni. Aliniona kwa mbali kabla sijamwona, Mama Shija ndiye aliyenishtua kwa kiwiko. Alikuwa anakuja mbio kati ya mawe, mtu mzima anakimbia kama mtoto, anatabasamu mpaka jino la mwisho. Miaka minne nilikuwa nimeingoja sura ile. Nilijua nifanye nini ili ibaki. Ningesema pole kwa safari, kwa sauti ndogo, basi, ng'ombe wangekuja na harusi ingekuwapo. Naye angejua, na angenyamaza tena.

Nikasimama, nikajipangusa vumbi, nikamwambia kwa sauti yangu mwenyewe, "Unataka nini hapa?"

Lile tabasamu likamtoka. Akanitazama kidogo, akasema, "Samahani dada, nimekufananisha." Dada! Akageuka akaenda zake.

Siku hizi bado ninaponda. Wageni wakija mwaloni hawakai kwenye turubai langu, wanasema huyu ana pacha jini. Shavu linauma msimu wa baridi. Mama alimleta padri akaninyunyizia maji ya baraka, namshukuru, lakini mimi Kabula hata simwogopi tena. Yeye aliomba, nikampa, na mwisho alirudisha.

Kwa hiyo wewe unayejaza fomu za viza hivi leo, nenda na vidole vyako, hata kama vimeisha. Wakikurudisha mara tano, rudi mara tano. Na jina lako usimwazime mtu, hata kwa siku moja. Lakini kabla ya yote hayo, kabla hujafunga kibanda chako, mpigie huyo mtu wako leo usiku, mgombeze kwa jambo la kweli, umsikilize anavyopumua. Mimi sikuwahi kumsikiliza.