Nilipokuwa Mdomo wa Mama

Nywele za bandia zikichomwa ncha hutoa harufu ambayo haiondoki puani upesi: kidogo kama plastiki, kidogo kama maziwa yaliyomwagikia jiko. Mwezi uliopita niliingia saluni moja huku Point, mjini Durban, nikiwa nimerudi baada ya miaka mingi ya kuhamahama, na binti wa Kikongo aliyekuwa anamalizia kichwa cha mteja akawasha kiberiti cha gesi, akapitisha moto kwenye ncha za rasta. Sikuweza kukaa. Nilitoka nje, nikasimama kivulini, nikajifanya ninatafuta kitu kwenye simu. Mtanisamehe nikiwaanzishia na harufu mbaya. Hiyo ndiyo harufu ya mama yangu akiwa kazini, na ndiyo inayonirudisha kwenye jambo ambalo kwa zaidi ya miaka thelathini sikuwa nimemsimulia mtu.

Tulifika Durban kutoka Uvira, Kongo, nikiwa na miaka kumi na moja, mimi na mama, wawili tu. Baba alibaki nyuma, na tuliacha kumtaja kabla hatujaacha kumngoja. Mama alijua kazi moja, kusuka, basi akatafuta mahali pa kuwekea kiti chake Warwick, soko lile kubwa ambako teksi zote za mji hukutana na kelele zake hazijui mapumziko. Safu aliyoitaka ilikuwa na wanawake wa Kizulu, wauza shanga, wauza dawa za majani, na wengi wao hawakumtaka mgeni. Aliyemkubali alikuwa muuza mahindi ya kuchemsha, mwanamke mnene wa makamo aliyeitwa MaNgcobo, maana kwa Wazulu mwanamke aliyeolewa huendelea kuitwa kwa ukoo wa baba yake. MaNgcobo alivuta pipa lake la mahindi hatua mbili, kisha akaonyesha kwa kidole cha mguu nafasi iliyobaki chini ya turubai lake. Hakusema neno. Hata angesema, mama asingeelewa.

Mimi Kizulu kiliniingia upesi. Nilikiokota kwenye uwanja wa shule, katika kuruka kamba na kutukanwa, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa ninatukana vizuri kuliko walionifundisha. Kwa mama kiliteleza. Nikawa mdomo wake. Kila Ijumaa hakunipeleka shuleni, kwa sababu siku hiyo wateja walijaa: watu walitaka vichwa vizuri kwa ajili ya mazishi ya Jumamosi. Nilikaa kwenye kreti ya soda iliyopinduliwa, nikatafsiri. Anataka nyembamba. Anasema usivute sana hapa nyuma. Anauliza utamaliza saa ngapi.

Mnajua mtoto wa miaka kumi na miwili anavyojisikia watu wazima wanapomtegemea? Wanawake walinipa mahindi ya moto yenye chumvi bila kuwaomba. Wakaniita Liziki, kwa kuwa herufi ya kwanza ya jina langu iliwapa shida, nami nikaona hata jina hilo limenipandisha cheo. Tamu kuliko yote, mama mwenyewe alikuwa ananitazama mdomoni. "Riziki, banasema nini?" aliniuliza kwa Kiswahili cha kwetu Uvira, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa ninachelewa kidogo makusudi kabla ya kujibu.

Lakini mama hakukubali kubaki hivyo. Alikuwa amesoma madarasa manne tu na kalamu ilimchosha, kwa hiyo alibuni njia yake. Kabla ya kuanza mstari mmoja wa nywele, alimwomba mteja ampe neno moja la Kizulu. Kisha alilinong'ona neno hilo kila vidole vyake vilipopinda, kuanzia kwenye paji la uso, juu ya utosi, hadi kisogoni. Mstari ukifika shingoni, neno nalo limefika. Mstari mwingine, neno jingine. Mteja akiwa ameinamisha kichwa alimsahihisha bila hata kumwona, na mama alilirudia, akakosea, akalirudia. Maneno yenye ile sauti ya kugonga ulimi kinywani yalimtesa. Siku nyingine mstari uliisha na neno bado limekwama, na mteja akaondoka na kipande cha nyuma kimesukwa vidogovidogo mno, kwa kuwa mama alikuwa anatafuta muda.

Jioni tukitembea kurudi chumbani kwetu alinihesabia kwa vidole maneno yaliyombaki kichwani. Kati ya kumi na mawili, matano. Siku mbaya, mawili. Nilicheka. Yeye alisema tu, "Kesho iko vichwa vingine," na akaendelea kutembea. Alianza hata kuwapenda wateja kwa ukubwa wa vichwa. Mwanamke mmoja mwenye kichwa kipana alipokuwa anakuja kwa mbali, mama aliniambia kwa furaha ya kweli, "Huyu iko na kichwa cha maneno mingi."

Mwaka wa pili, miguu ya MaNgcobo ikavimba. Asubuhi alifika amechelewa, akakaa kwenye ndoo badala ya kusimama, na mwishowe akatangaza kwamba anarudi kwao mashambani kabisa. Wanawake wa safu ile walikuwa na maombi yao kila Alhamisi mchana, nusu saa katikati ya meza, na aliyetaka alisimama akasema neno. Wakakubaliana kwamba Alhamisi ya mwisho wa mwezi wangemuaga.

Mama aliposikia habari hiyo aliniambia tukiwa tunakunja turubai: "Siku ile nitasimama miye mwenyewe."

"Utasema nini?"

"Nitasema asante. Huyu mama alinipa nafasi nikiwa bubu. Sitaki aende akinikumbuka bubu."

Kwa wiki mbili hakuomba tena neno mojamoja. Aliomba sentensi. Wateja wakajua kazi iliyoko, wakaiingia wote: mmoja alimpa namna ya kuanza kwa heshima, mwingine akambadilishia mwisho. Nilikuja sina mtu. Ulisogeza pipa lako. Mtoto wangu alikula mahindi yako. Sentensi hizo zilisukwa kwenye vichwa vya wanawake ambao leo wamezeeka huko waliko, na mimi nilizisikia zikipanda na kushuka siku nzima hadi zikanichosha. Jambo moja halikunichosha, lilinitisha. Zilikuwa zinanyooka.

Ijumaa kabla ya kuaga, MaNgcobo alikuwa amekwenda kliniki. Mama akaona hiyo ndiyo nafasi ya kujaribu. Akasimama mbele ya MaZondi, muuza shanga wa meza ya jirani, na mwenzake mmoja, akakunja mikono tumboni kama walivyofanya wao wakati wa maombi, akasema yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Alikosea mara mbili, akajisahihisha mwenyewe. Alipomaliza, wale wanawake wawili waliangua kicheko. Walipiga makofi, wakaegemeana, MaZondi akajifuta macho kwa ncha ya aproni. Kisha akasema kwa Kizulu, akinigonga kichwani kwa vidole: "Mama huyu anaongea. Mtoto arudi shule sasa hata Ijumaa, hana kazi tena hapa."

Mama akanigeukia. Uso wake ulikuwa umejaa matumaini na woga kwa kiasi kilekile.

"Juu ya nini banacheka? Banasema nini?"

Nilichelewa kujibu, kama kawaida yangu. Nikaitazama ile kreti. Nikaona Ijumaa zote zijazo, mimi nikiwa darasani kwenye benchi la nyuma, ambako hakuna aliyenisubiri niseme kitu.

"Banasema unaongea sawa mtoto mchanga," nilimwambia. "Banasema Alhamisi usisimame, utawaharibia maombi. Banasema afazali niseme miye."

Mama alimtazama MaZondi, ambaye bado alikuwa anatabasamu na kutikisa kichwa. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, nikainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Sawa," akasema. "Utasema weye."

Akachukua kitana. Mteja aliyefuata alimpa neno, na mama akasuka mstari mzima midomo imefungwa.

Alhamisi nilivaa sare ya shule iliyopigwa pasi. Nilisema vizuri, nisiwafiche. Nilisema sentensi za mama zote, na nyingine nikaongeza zangu, na wanawake wakaitikia kwa sauti nzito kama wanavyoitikia mhubiri. MaNgcobo alikaa kwenye ndoo yake. Hakunitazama hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwa mama, aliyesimama nyuma yangu amekunja mikono ndani ya kitenge.

Nilipomaliza, MaNgcobo alijiinua kwa shida, akaja, akamshika mama mikono yote miwili. Akamuuliza kwa Kizulu, polepole, kwa maneno mepesi ambayo yeye mwenyewe alikuwa amempa mama mwanzoni kabisa: "Na wewe, mama yake Liziki? Wewe unasema nini?"

Mama akainamisha kichwa. Mimi nikadakia: "Anasema uende salama."

"Sikukuuliza wewe, mtoto," MaNgcobo akasema. Hakukasirika. Alisubiri kidogo tena, akaachia mikono ya mama, akaenda kuwaaga wengine. Hatukumwona tena.

Baada ya hapo mama hakujifunza tena. Wateja waliompa neno aliwapa tabasamu, kisha akaniita. Nilibaki mdomo wake hadi nilipomaliza sekondari, na nikiwa na miaka kumi na tisa nikapata safari ya Maputo na kuikubali siku hiyohiyo. Tangu hapo sijui kukaa. Maputo, Lusaka, Nampula, Maputo tena. Nilimtumia mama salamu na nguo, na kila niliporudi nilikaa wiki mbili.

Ilikuwa Nampula, nikiwa na miaka thelathini na tatu, ndipo nilipoanza kuelewa. Maputo nilikuwa nimeishia Kireno cha sokoni; sasa nilitaka kukijua vizuri ili nifungue kaduka. Mwenye nyumba wangu, mama mmoja mkali wa sura, alinisikia asubuhi moja ninaomba maji kwa sentensi kamili, akacheka hadi akakaa chini. Nilijifungia chumbani siku mbili. Nilikuwa mtu mzima mwenye lugha nne, nikalia kwa sababu ya ndoo ya maji. Siku ya tatu aligonga mlango na sahani ya wali na samaki, akanieleza kwa ishara na kwa Kireno cha polepole kwamba alikuwa anangoja sentensi hiyo tangu nihamie. Nilikijua kicheko chake. Kilikuwa cha MaZondi. Watu hucheka hivyo mtoto wao anapopiga hatua ya kwanza bila kushikwa mkono, na mimi siku ile sokoni nilikijua pia, nikakitafsiri nilivyotaka.

Nilikaa na ile sahani nikimfikiria mama. Kila asubuhi, mwanamke aliyezaa na kuvuka mipaka alikubali kuwa mtoto mchanga mbele ya wageni, mstari baada ya mstari, anasahau maneno saba na kurudi kesho kwa ajili ya matano. Mimi sikuweza kustahimili kicheko kimoja. Sijui kama mtu anayejifunza lugha ana kitu kingine cha kumshikilia zaidi ya mtu mmoja anayeingoja sentensi yake. Mama alikuwa na watu wa namna hiyo safu nzima. Mimi nilimwambia hawapo.

Jumapili baada ya ile saluni, nilimwambia ukweli. Mama anakaribia sabini. Anaishi Point, ghorofa ya tatu, anasali na Wakongo, ananunua kwa Wakongo, na akienda kliniki huenda na binti wa jirani kumsemea. Alikuwa anachambua lengalenga, mchicha wa kwetu, mezani. Nilisema yote, na yeye hakuinua kichwa.

"Nilisikia," akasema.

"Ulisikia nini, Mama?"

"MaZondi. Alisema urudi shule. 'Shule' nilikuwa naijua. 'Mtoto' nilikuwa naijua. 'Anaongea' nilikuwa naijua. Nilikuwa na maneno mingi siku ile, Riziki."

"Sasa juu ya nini ulinyamaza?"

Alitupa shina gumu pembeni. "Nilikuangalia, nikaona mtoto wangu iko na haya juu yangu. Nikajiambia, kama sauti yangu inamtia mtoto haya, niiache."

Miaka yote hiyo alikuwa amebeba sababu ambayo haikuwa yangu. Ningeweza kumwachia sababu hiyo, nayo ilikuwa aibu tosha kwangu. Lakini nilimwambia kwamba sikuwahi kuona haya juu ya sauti yake. Nilimwambia niliogopa kwamba akijua kuongea hatanihitaji tena.

Mikono yake ikasimama juu ya majani.

"Ulitaka nikuhitaji," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Halafu ukaenda."

Hakuyasema kwa ukali. Aliendelea kuchambua, akaniuliza kama nitakula huku au nina safari. Nimekuwa nikidhani kosa langu ni la Ijumaa moja, uongo wa mtoto uliochukua dakika moja, na nimelionea aibu kwa ukubwa huo. Kumbe lile la pili, la kumnyamazisha mtu kisha kuchukua basi, nililifanya nikiwa mtu mzima, na sikuwahi kulihesabu.