Kinu cha Mama Mkwe

Mama Mosi wa Bigwa alikuwa na jina lake, tena jina zuri, Furaha, lakini nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kulitaja. Mumewe alikwisha kufa. Binti yake, Mosi, alimwita mama, kama adabu inavyotaka. Na Stambuli, mume wa Mosi, ndiye asiyeweza kabisa. Mkwe hamtaji mkwewe jina, hasemi naye wala hamtazami usoni mpaka siku atakapomletea jembe jipya, na mama huyo aseme mbele ya watu, "Nimelipokea." Hapo ndipo mdomo hufunguliwa na macho yakakutana.

Jembe lenyewe Stambuli alikuwa njiani kulifuata kwa mhunzi, askari wa akida wakamkamata na kumtwika mzigo wa serikali. Alipelekwa Kisaki, akapitishwa mbele zaidi, na aliporudi bega lilikuwa kidonda kitupu na Mosi alikuwa ameanza kumlilia kama maiti. Tangu hapo habari za jembe zililala. Waliishi ua mmoja bila kuonana: Furaha akitoka, Stambuli anageukia migomba; Stambuli akipita, Furaha anajifunika kaniki usoni. Furaha alimjua mkwewe kwa mgongo, kwa kikohozi na kwa nyayo zake pana kwenye tope.

Sasa reli ilikuwa imekwisha fika mjini na kupita kwenda bara, na watu wa Bigwa walijidanganya kwamba mizigo ya kichwani imekwisha. Wapi! Akida alitangaza tena kuwa anataka watu, na safari hii hata waliokwenda zamani wangechukuliwa. Asiyeguswa ni mwanafunzi tu. Shule mpya ya mjini ilikuwa ikichukua watu wazima ili wafundishwe ukarani, ila kwanza wapite mtihani wa kinywa.

"Akienda tena harudi, mama," alisema Mosi, mikono juu ya tumbo lake kubwa. "Bega lile halibebi tena."

Furaha naye aliwaza hivyo hivyo.

Waliowahi kujaribu walieleza mtihani ulivyo. Mwalimu anakupa neno, nawe unampa neno jingine lenye maana ile ile. Ndugu yake, kama walivyosema. Stambuli alikuwa mtu wa milimani, Kiswahili chake cha kuombea maji na kuulizia njia. Furaha, kwa upande wake, alikuwa amewapikia wapagazi ugali na maharage barabarani tangu ujana wake. Huyu wa pwani akilalamikia maradhi, yule wa bara analia na ugonjwa, na yeye akichota kwa wote. Maneno alikuwa nayo. Lakini utamfundishaje mtu usiyeweza kusema naye?

Akamwita kinu.

"Kinu wewe," alisema asubuhi moja, yumo jikoni anatwanga, "ndugu wa hofu ni nani?"

Upande wa pili wa ukuta wa udongo, Stambuli alikuwa ameketi akichonga mpini. Akawajibu kuku waliokuwa wakidonoa miguuni pake. "Hofu ni woga."

"Ala! Kinu kina masikio. Barua?"

"Barua ni waraka."

"Huzuni?"

"Huzuni ni... kilio?"

"Kilio ni cha mdomoni, kinu mjinga we! Mimi nataka kinachokaa moyoni."

"Simanzi!"

"Hapo umetwanga."

Mosi aliyekuwa akipepeta mchele alicheka mpaka pumba zikamwingia puani. Ikawa ndiyo kazi ya kila asubuhi. Furaha anatwanga na kuuliza, kuku wanajibiwa. Kinu kilitukanwa, kikasifiwa, kikaahidiwa pilau, na Stambuli aliyekuwa mzito wa ulimi akaanza kujibu kabla mchi haujatua. Majirani walipouliza mbona mama Mosi siku hizi anagombana na vyombo, Mosi aliwaambia ni uzee.

Siku ya mtihani Mosi hakuweza kushuka mjini kwa ajili ya tumbo. Furaha alijitwisha kikapu cha ndizi na kumfuata mkwewe kwa mbali, akiongozana na jirani yake Mwanaheri, mwanamke mwenye ulimi usiokauka. Mtihani ulifanyikia barazani mwa shule, na watu walijazana uani kusikiliza. Furaha akatafuta mahali, akawapa kisogo wote waliokuwa barazani. Mwenye kuona aliona mwanamke anatazama barabara. Kumbe masikio yote yalikuwa nyuma.

Mzungu mkuu wa shule aliketi kando na kalamu yake. Aliyeuliza alikuwa Mwalimu Kibwana, mtu wa pwani, kanzu nyeupe pe. Na alikuwa na sharti lake.

"Anza kwa neno nililokupa mimi, ndipo utaje la kwako. Usipoanza nalo, nitahesabu hukujibu. Hofu."

"Hofu ni woga," alisema Stambuli.

"Daktari."

"Daktari ni tabibu."

"Heshima."

"Heshima ni staha."

Furaha alitabasamu peke yake chini ya kaniki. Kinu changu hicho, alijisemea, kitwange.

"Huzuni."

"Huzuni ni simanzi."

"Vizuri. Furaha."

"Abee!" aliitika Furaha.

Lilimtoka kabla hajalizuia. Miaka mingapi tangu mwanamume amwite hivyo! Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata mzungu aliinua kichwa. Lakini Furaha hakucheka. Katika kicheko kile aliliona kosa lao. Asubuhi zote zile, maneno yote yale, hili hawakuligusa hata mara moja. Nyumbani kwake neno hilo halikuwa neno. Lilikuwa yeye, na yeye hatajwi. Hakuna aliyekumbuka kwamba huko nje watu wanalisema kila siku kama wanavyosema chumvi. Mganga hajigangi.

"Nimekuuliza," alisema Mwalimu Kibwana kicheko kilipotulia.

"Neno hilo ni shangwe," alisema Stambuli. "Ni bashasha. Ni nderemo. Ni buraha."

"Maneno yako ni mengi na mazuri, ila sharti unalijua. Litaje nililokupa."

Stambuli aliinamisha macho.

"Hili ndilo la mwisho, bwana. Ukilikosa umekosa mtihani. Mtu mzima unaogopa neno?"

Watu wa Bigwa waliokuwapo walielewa, wakainamisha vichwa. Mwalimu wa pwani hakuelewa, na ni nani angemweleza mbele ya mzungu bila kumwaibisha Stambuli mara ya pili? Angesema, ingekuwa kama amemvua mkwewe nguo hadharani, tena mwenyewe yupo pale na kila mtu amemsikia akiitika. Asiposema, akida anamngoja. Furaha alimsikia akihema, ile pumzi nzito aliyoizoea kupitia ukutani, na akajua kuwa hatasema. Angeona heri aende Kisaki na bega lake lile kuliko kumvunjia heshima yeye.

Basi ikabaki yeye mwenyewe. Mama anayemfungulia mkwe bila jembe huchekwa mpaka kaburini. Ndugu zake wangesema amejirahisisha, amemtoa binti bure kama boga la shambani. Akalifikiria hilo, na akalifikiria tumbo la Mosi. Akateremsha kikapu, akafunua kaniki usoni, akageuka.

"Mkwe wangu Stambuli," aliita kwa nguvu, si kinu tena. "Litaje. Jembe lako nimelipokea."

Minong'ono ikapita uwanjani. Wanawake wa Bigwa walijua vizuri kuwa jembe hakuna. Furaha alimwona Mwanaheri akifungua mdomo, akasema moyoni, haya, leo nimekwisha.

"Na mimi nilikuwapo," alisema Mwanaheri. "Jembe zuri jamani! La mpini wa mninga."

"La mninga," wakaitikia wenzake, mmoja baada ya mwingine, nyuso kavu kabisa.

Stambuli aliinua macho. Alimtazama mkwewe usoni kwa mara ya kwanza, akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Furaha ni shangwe."

Mzungu aliandika. Mwalimu Kibwana, ambaye mpaka hapo alikuwa hajui limempita nini, alifuta jasho na kusema, "Umepita. Jumatatu uje." Stambuli akacheka kwa kinywa kizima, na Furaha aliketi pale pale chini kando ya ndizi zake. Alikuwa na raha ya mtu aliyetuliwa mzigo mlimani. Akaacha machozi yatoke, yamalizike.

Waliporudi, Stambuli hakutangulia tena kwa mbali. Alichukua kikapu, akatembea kando yake. Hawakusema mengi, maana walikuwa hawajazoea. Mwanaheri nyuma yao ndiye aliyesema kwa wote.

"Kesho nitakuja kuliazima lile jembe," alitania. "Msije mkaninyima."

"Utalipata," alisema Stambuli. "Mpini ninao tayari."

Furaha akakumbuka ule mpini aliokuwa akiuchonga asubuhi zote nyuma ya ukuta. Hakuwahi kuuliza ni wa nini.

Mosi alikuwa mlangoni, ameushika mwimo. Aliwaona wakipanda bega kwa bega. Furaha alimfikia kwanza.

"Mosi, mwanangu," alisema. "Mbona hukuniambia kwamba mume wako ana mwanya?"