Pigo la Kisogo

Inatangazwa kwa watu wote, wenye raketi na wasio nayo, wanaoijua tenisi na wanaodhani ni dawa ya minyoo, kwamba limegunduliwa pigo jipya. Halimo katika kitabu chochote. Halijaidhinishwa na kamati yoyote. Anayelipiga mwenyewe hajawahi kuliona. Wenye kofia wazivue, wenye kikohozi wamalize kukohoa sasa.

Tangazo hilo, pamoja na kipengele cha kikohozi, lilitolewa na mwalimu wa tenisi wa klabu ya manispaa mbele ya kamati iliyokuwa imekutana kuzungumzia bomba la choo cha wanawake. Mwalimu huyu tutamwita Wifi, kwa sababu ndivyo anavyomwita yule mwenye pigo, na yule mwenye pigo naye humwita vivyo hivyo, na mtu wa pembeni akisikia wanavyoitana hajui nani kaolewa kwa nani. Basi ajue: Cheche, mwenye pigo, ameolewa na kaka yake Wifi. Ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma, na mara moja alitengeneza kizimba cha kasuku aliyekuwa akitukana wageni. Kwenye tenisi aliingia juzi tu, na sasa alikuwa amefika fainali ya wanawake. Hapo ndipo kamati ilipolisahau bomba.

"Mwalimu, kutakuwa na wageni," alisema Mwenyekiti, ambaye tangu anunue suti yake nyeupe ya michezo hajawahi kuitia jasho. "Wataona mtu anapiga mpira kama anafukuza nyuki, uso kaugeuzia ukutani. Tutawaeleza nini?"

"Tutawaeleza kwamba ameshinda."

"Ashinde kwa adabu! Hilo pigo ni aibu. Mtoe, tumwingize mwingine."

Wifi alivua ufunguo wa uwanja uliokuwa ukining'inia shingoni mwake. Ufunguo ule haukumjia kirahisi. Kabla ya kuupata alikuwa akifundisha watoto kuruka kamba kwenye ua wa shule, katikati ya kamba za nguo, na kila alipopuliza filimbi shuka mbichi ilimpiga usoni. Aliuweka mezani, mbele ya chai ya Mwenyekiti.

"Cheche akishindwa, huu siuchukui tena. Mtanikuta kwenye shuka zangu."

Mwenyekiti aliuchukua haraka, akautia mfukoni. Kisha wakarudi kwenye bomba.

*

Yote yalianzia kwenye uzio. Cheche alikuwa ameitwa kuziba waya uliochanika nyuma ya uwanja. Alikuwa ameinua ile kofia yake ya kuchomelea, ile ngumu inayofunika uso mzima kama ndoo yenye dirisha, ili aangalie kiungo kimeshika vipi, na hapo ndipo mwanafunzi mmoja wa Wifi alipokosea na mpira ukamjia Cheche kama umetumwa. Cheche alipiga ukelele. Aligeuza uso, akafumba macho, akapunga alichokuwa nacho mkononi, kipande cha bati nene. Mpira ulirudi ulikotoka, ukapita juu ya wavu kwa unene wa kidole, ukatua kwenye kona ya mbali, juu ya mstari, chokaa ikaruka.

Wifi aliukimbilia uzio.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hicho ulichokifanya."

"Sijafanya kitu, wifi. Nyie ndio mlitaka kuniua."

Wifi, ambaye masikio yake husikia anachokitaka na kingine hukirudisha kwa mwenyewe, alisema moyoni: tazama unyenyekevu wa kipaji. Akamwomba aje acheze. Cheche alikataa, akakataa tena, kisha akasikia kwamba klabu ina bafu la maji ya moto. Mtu anayeshinda kwenye masizi na unga wa chuma, na nyumbani anaoga kwa kopo, hawezi kulichezea neno kama hilo.

"Yanatoka ukutani yenyewe?"

"Unafungua tu."

"Nitakuja."

Mwanzoni Wifi alitaka kumnyoosha. Alikuwa na cheti cha semina, amekitia fremu, na semina ilikuwa imesema jambo moja kuu kuhusu foahendi, yaani lile pigo la upande wa mkono wenye nguvu: jicho lisiuache mpira. "Jicho, wifi! Jicho!" Cheche alitii, akakodoa. Mpira wa kwanza uligonga tangi la maji. Wa pili ulimshusha mwamuzi wa mazoezi kutoka kwenye ngazi yake. Wa tatu uliingia kwenye beseni la mama anayefua taulo, naye mama huyo alitoa maelezo marefu kuhusu malezi ya siku hizi. Kisha Wifi, kwa hasira, alimrushia mpira wa nguvu bila kumwonya. Ukelele, kisogo, paa! Kona ya mbali. Chokaa.

Hapo Wifi alikitazama cheti chake kwa jicho jingine.

Aliifunga simu kwenye ngazi kwa mpira wa baiskeli, akampiga Cheche picha za video, akaenda kukaa nazo kwenye stoo ya nyavu, akizirudisha polepole mpaka Cheche akawa anasogea kama mtu anayetembea ndani ya asali. Akaona miguu, imetanuka kama ya mtu anayeruka mtaro. Akaona mkono unaanzia chini, karibu na goti, umenyooka. Akaona, na hili lilimsisimua mpaka akapiga teke ndoo, kwamba Cheche haungoji mpira upande. Ukidunda tu anaufuata kama ana kesi nao. Halafu, raketi ikiwa haijagusa kitu, uso unageukia bega la kushoto, macho yanafumba, meno yanatoka nje, na kinachobaki kutazamana na mpira ni kisogo. Kisha mpira haupo.

Kwa nini ulikwenda ulikokwenda? Wifi alipata majibu mengi, yote mazuri. Kwanza, mpinzani husoma macho ajue mpira unaelekea wapi, na kisogo hakisomeki. Pili, kichwa kikigeuka kinavuta bega, bega linavuta mkono, mkono unatoka kama kombeo. Na ule ukelele? Mabingwa wote hupiga kelele, huwasikii kwenye televisheni?

Lakini jibu lililomkosesha raha ya kula ni la tatu: moto wa kazi. Mtu anayechomelea, alijiambia, kijiti kikigusa chuma na mwanga ukilipuka, hugeuza uso. Mwili umezoea. Raketi ikigusa mpira, mwili unakumbuka cheche! Alikwenda karakana kuhakikisha. Cheche alimsalimia, akashusha kofia, akagusisha kijiti kwenye bawaba ya geti. Mwanga ulilipuka. Wifi alifunika uso wake kwa mikono yote miwili, kwa hiyo hakuona kama Cheche amegeuka au hakugeuka. Akaandika kwamba amegeuka.

Duka la kinyozi lilikuwa mlango wa pili, na kinyozi ndiye kaka yake Wifi, mume wa Cheche, mtu aliyejifunza kunyoa kwa kufuata vipindi vya ukimya wa mashine ya mkewe, ili mteja asije akastuka na kuondoka na sikio moja.

"Dada, na wewe umezidi," alisema huku akikung'uta kitambaa. "Mke wangu ana kipaji gani cha michezo? Juzi nimemrushia sabuni, kaingia nyuma ya mlango. Sabuni!"

"Umeona wepesi wa miguu?"

"Kabaki huko huko mpaka nimemwapia sina nyingine."

"Na subira," alisema Wifi, akaongeza hilo pia kwenye simu.

Watoto wa klabu walikuwa wameshaanza kuiga. Ukipita jioni unaona kundi zima limegeuza nyuso, macho limefumba, linapiga kelele na kupigana raketi za magoti. Mzazi mmoja alidhani ni maombi.

*

Siku ya fainali viti vilipangwa, wageni wakaja na wake zao, na Mwenyekiti alikaa mbele, mkono mfukoni, akiuchezesha ule ufunguo mpaka Wifi akausikia kutoka upande wa pili wa wavu.

Mpinzani alikuwa mfamasia. Mapigo yake yalikuwa yamepigwa pasi. Ungeweza kumkata kutoka uwanjani ukambandika kwenye kitabu, na kitabu kikashukuru. Alianza kwa nguvu, mipira mizito inayopiga mluzi, na ndipo wageni walipoona kile Mwenyekiti alichoogopa wakione. Cheche alipiga ukelele, akatoa kisogo, mpira ukarudi umepandwa na mashetani. Mmoja wa wageni aliangusha miwani. Seti ya kwanza ilikwisha kabla soda hazijafunguliwa, na Cheche ndiye aliyeichukua.

Lakini mfamasia hakusomea kuhesabu vidonge tu. Seti ya pili alibadilika. Aliacha nguvu, akaanza kutuma mipira myepesi, laini, inayopepea kama haina haraka ya kufika. Na Cheche, maskini, aliitazama. Aliikodolea macho kama mtu anayeona paka mdogo anakuja, akaingoja, akaupiga wavu. Akaupiga tena. Akampiga mwokota mipira. Seti ya pili ikaondoka, na ya tatu ikaanza kumfuata mwenzake.

Kwenye mapumziko Wifi alimshika mabega.

"Kisogo kiko wapi? Geuza uso!"

"Nigeuze kwa nini? Si unakuja polepole."

"Kumbuka moto, wifi! Kumbuka cheche!"

"Cheche zipi?"

"Za kazini!"

Cheche alimtazama kama mtu anayetazama kitasa kilichowekwa juu chini. "Wewe umekunywa maji leo? Jua hili si la mchezo."

Ule ufunguo ulilia tena mfukoni mwa Mwenyekiti. Wifi aliona shuka mbichi zikipepea. Alizisikia na harufu ya sabuni.

Na mfamasia, zikiwa zimebaki pointi chache tu awe bingwa, alifanya kosa la watu waliokwisha kushinda: alitaka apigiwe makofi. Cheche alikuwa ameubabatiza mpira, ukapanda juu, ukashuka taratibu mbele ya wavu kama zawadi. Kuugusa tu kungetosha. Mfamasia aliinua raketi mpaka mbinguni, akaushindilia. Mpira ulidunda mara moja na kutua juu ya nyusi ya Cheche, ngo!

Wageni walisema "Aaah." Mwenyekiti alicheka, akajifanya anakohoa, akacheka tena.

Cheche alisimama akijishika paji la uso. Kisha alimwendea mwamuzi, akamwuliza kwa upole kama anaruhusiwa kucheza na kofia yake ya kuchomelea, maana ipo tu hapo kwenye begi. Mwamuzi alifunua kitabu cha sheria, akafunua na nyuma, akatikisa kichwa. Cheche alirudi kwenye mstari kwa mwendo wa mtu anayepelekwa kudungwa sindano.

Baada ya hapo hakukuwa na mpira laini tena duniani. Ulikuja wa kupepea: ukelele, kisogo, kona. Ulikuja wa kubembeleza: ukelele, kisogo, mstari. Mmoja ulikuja umechoka kabisa, umekata tamaa yenyewe, mtoto mchanga angeudaka; Cheche aliufuata kabla haujamaliza kudunda na kuutwanga kwa meno yote nje hadi ukachomeka kwenye uzio, kwenye kile kiraka alichokiziba mwenyewe, ukaganda pale. Wageni walisimama. Wake zao walisimama juu ya viti. Kinyozi, aliyefunga duka na kumwacha mteja nusu kichwa, alikuwa akipiga yowe pamoja na mkewe kila pigo, mpaka ikawa hujui nani anacheza. Mfamasia alikimbia kushoto, akakimbia kulia, na mwishowe alisimama katikati, akauangalia mpira wa mwisho ukimpita, akaupungia mkono.

Wifi hakumbuki alivyoingia uwanjani. Anakumbuka tu kwamba alikuwa amembeba Cheche, na Cheche alikuwa anasema, "Nishushe, wifi, mgongo wako," na watoto wote wa klabu wanazunguka wamefumba macho na kugongana. Mwenyekiti alikuja na ufunguo. Alitaka kuutoa kimyakimya, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, lakini Wifi aliinamisha shingo mbele ya wageni wote na kungoja, mpaka Mwenyekiti akamvisha mwenyewe kama nishani.

Kisha akashika kipaza sauti. Hakuna binadamu aliyewahi kufurahi hivyo akiwa ameshika kitu chenye waya. Aliwaeleza bega, akawaeleza kombeo, akaonyesha kwa mfano kwamba kisogo hakisomeki. Wageni walitoa kalamu. Mwenyekiti mwenyewe alionekana akijaribu kugeuza shingo kidogo, kwa siri. Na sauti ya Wifi ikapanda, ikafika kwenye moto: mwanamke huyu, ndugu zangu, kila siku ya maisha yake anagusa chuma kwa kijiti, mwanga unalipuka, anageuza uso, na mwili wake, ndugu zangu, mwili wake umeukumbuka moto!

Makofi yalilia mpaka ndege wakahama tangi.

"Lakini kwa nini niseme mimi na mwenyewe yupo?" alisema Wifi, machozi yakimtoka, akampa Cheche kipaza sauti. "Waambie, wifi yangu. Waambie siri ya pigo."

Cheche alikuwa ameshika barafu kwenye nyusi kwa mkono mmoja, na kombe kwapani, na taulo la kwenda bafuni begani.

"Kazini navaa kofia," alisema. "Huku naogopa mpira."